Mfumo wa kugundua uvamizi wa mtandao katika ofisi ya ghala la korosho, Mtwara: tathmini baada ya msimu mmoja

Ofisi yetu ya ghala la korosho, hapa Mtwara mjini, ilifungiwa mfumo wa kugundua uvamizi wa mtandao mwezi Mei, nami nikakabidhiwa kuutunza. Mfumo huu hautegemei orodha ya mashambulizi yanayojulikana; hutumia ujifunzaji wa mashine, yaani huutazama mtandao kwa wiki kadhaa hadi ujue mwenendo wake wa kila siku, kisha hutoa arifa panapotokea jambo lililo nje ya mwenendo huo. Wazo lenyewe ni la siku nyingi, kwani mtafiti wa usalama wa kompyuta, Dorothy Denning, alilieleza mwaka 1987.

Nauonea fahari kwa usiku mmoja wa Julai. Saa tisa, mashine ya kurekodia picha za kamera, ambayo kutwa haiwasiliani na chochote isipokuwa kompyuta ya walinzi, ilianza kubisha hodi kwenye anwani za nje, moja baada ya nyingine. Arifa ilinifikia kwenye simu, nikaenda kuchomoa waya, nikakuta nywila bado ni ile ya kiwandani: mlango uleule uliotumiwa na Mirai, programu hasidi, mwaka 2016 kuteka kamera na ruta.

Tatizo lilianza Oktoba. Mfumo ulijifunza wakati ghala liko tupu. Msimu ulipofunguliwa, makarani wakawa wanaingiza stakabadhi hadi saa nne usiku, vyama vya msingi vya Newala na Tandahimba vikituma orodha za magunia kwa mfululizo, na yote hayo yakahesabiwa kuwa uvamizi. Siku ya mnada nilipokea arifa 137 kabla ya adhuhuri, zote za uongo, na wenzangu wakazima sauti za simu zao, jambo lililonitia hofu kuliko arifa zenyewe.

Kipeperushi cha wauzaji kilijivunia usahihi wa asilimia 99. Mnunuzi na aulize umepimwa kwa data ipi, maana mifumo mingi imepimwa kwa data ya KDD ya mwaka 1999, mkusanyiko wa rekodi za majaribio uliotumika katika shindano la watafiti, iliyotokana na mtandao wa kijeshi wa Marekani ulioigizwa. Tena, kati ya miunganisho halali 100,000 kwa siku, kukosea asilimia 1 tu ni arifa 1,000 za bure.

Mafundi walitaka kupunguza wepesi wake wa kushtuka. Nilikataa, kwa sababu hata ile mashine ya kamera ya Julai ingepita kimya. Walipoufundisha upya kwa data ya Oktoba, arifa zilishuka hadi chini ya 10 kwa siku, ingawa hadi leo kila arifa huja na alama ya namba tu, bila kueleza ni mwenendo gani uliotiliwa shaka.

Nimependekeza mkataba uendelee kwa miezi 6, kwa sharti la maandishi kwamba data ya msimu huu itunzwe hapa ofisini na mfumo ufundishwe kwayo kabla ya mnada wa kwanza ujao.