Samaki wa tangi la lita 54: nani anunuliwe, nani abaki dukani

Tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ndilo wengi huanza nalo. Kwa hesabu ni lita 54, lakini ukishaweka mchanga na mawe na kuacha nafasi kidogo juu, maji halisi hayazidi sana lita 45. Samaki wanaopatikana kwa kawaida katika maduka ya samaki wa mapambo tumewapima hapa kwa swali moja: je, ataweza kuishi humo mpaka mwisho wa umri wake, pamoja na wenzake, bila kuumizana?

Samaki wa dhahabu hapiti. Anauzwa akiwa na sentimita 4, lakini hata aina za mwili mnene hufika 15 na zaidi, na uchafu wake ni mwingi kuliko filta ndogo inavyoweza kumudu. Isitoshe, yeye hupenda maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22, huku samaki wengi anaochanganywa nao wakitaka 24 hadi 27. Pleko wa kawaida, yule mweusi anayeshika kioo kwa mdomo na kusifiwa kuwa “mla uchafu”, hupita sentimita 30, na yeye mwenyewe hunya kuliko tangi zima. Enjeli hufika sentimita 15 za urefu wa mwili, na neon tetra aliyekuwa jirani yake akiwa mdogo huja kuwa chakula chake. Muuzaji akikuambia samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi, usinunue kwa neno hilo. Samaki anayedumaa kwenye maji machafu ni mgonjwa.

Barbasi wenye milia kama chui-milia ni wadogo, sentimita 6 au 7, ila hukata mapezi ya wenzao. Usiwaweke na beta (samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu), gapi (guppy) wala enjeli.

Kwa wanaobaki, anza na maji yako kabla ya sura ya samaki. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Maji ya bomba ya Nairobi, yatokayo milima ya Aberdare, ni laini, yaani yana madini machache. Maji ya visima vya pwani, Dar es Salaam na Mombasa, mara nyingi ni magumu, yaani yana madini mengi, na mengine yana chumvi. Nunua vipimo vya matone vya pH (kiwango cha uchachu wa maji), ugumu, amonia, nitriti na nitreti (hizi tatu hutokana na uchafu wa samaki). Kubadili maji kwa dawa kila wiki ili yamfae samaki ni kazi isiyoisha, na pH inayopanda na kushuka humdhuru samaki kuliko pH isiyo kamili lakini isiyobadilika.

Kwa maji magumu, gapi ni chaguo zuri. Weka madume watupu, wanane hadi kumi. Ukichanganya majike, kila jike huzaa takriban kila wiki nne, na huweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa bila dume kwa sababu huhifadhi mbegu mwilini. Katika lita 45 idadi hukushinda haraka.

Chaguo bora kabisa kwa maji hayo, kwa maoni yetu, ni Neolamprologus multifasciatus wa kusini mwa Ziwa Tanganyika. Dume hafiki hata sentimita 5, na huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Nunua wadogo sita, weka mchanga laini wa kina cha sentimita 5 na makombe 12 au zaidi yenye mdomo wa sentimita 2 hadi 3, yaliyochemshwa na kusuguliwa. Watachimba, watahamisha mchanga, na kila mmoja atalinda kombe lake. Ni raha kuwatazama kuliko samaki yeyote mwingine anayetosha nafasi hiyo. Wanataka pH ya 8 hadi 9 na nyuzi 24 hadi 27. Usiwachanganye na samaki wengine wa chini, na mimea yenye mizizi wataing’oa. Tahadhari moja: pH inapopanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ya sumu, kwa hiyo chakula kilichooza kwenye tangi lao huua upesi kuliko katika tangi la maji laini.

Kwa maji laini, nunua rasbora harlekwini wanane hadi kumi na Corydoras pygmaeus sita hadi wanane. Wa kwanza hukaa katikati, wa pili hufika sentimita 3 tu na hupekua mchanga, kwa hiyo kokoto zenye ncha zitawaumiza midomo. Juu yao unaweza kuongeza gurami wa asali wawili, au beta dume mmoja, si wote. Beta asiwekwe na gapi: mikia mirefu yenye rangi humfanya aone dume mwenzake. Neon tetra wanafaa pia, lakini wasiwe wa kwanza kuingia. Katika tangi jipya ndio hufa mapema.

Hakuna hata mmoja wa kuingia kabla bakteria wa filta, wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitreti, hawajakomaa. Filta ya sponji na pampu ya hewa vinatosha. Tangi likiwa bado halina samaki, weka amonia kufikia miligramu 2 kwa lita, pima kila baada ya siku mbili, na subiri mpaka kiasi hicho kiishe ndani ya saa 24 na nitriti nayo isome sifuri. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Klorini ya bomba huua bakteria hao, hivyo tia dawa ya kuiondoa kila unapobadili maji, robo ya tangi kwa wiki. Sponji ikamuliwe kwenye ndoo ya maji ya tangi, kamwe si bombani.

Dukani, kataa samaki aliyefumba mapezi, mwenye tumbo lililoingia ndani, au anayeogelea na maiti. Mara nyingi matangi ya duka hutumia filta moja, kwa hiyo angalia na ya jirani. Nyumbani, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15, kisha ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika 5 kwa nusu saa. Watoe samaki kwa wavu, na maji ya mfuko yamwage nje. Ingiza kundi moja tu, kisha subiri wiki mbili na upime tena amonia kabla ya kununua la pili.