DSO138: osiloskopu ya kujiundia inayomfaa fundi wa sauti

Natengeneza redio na amplifaya hapa Busia, upande wa Uganda. Kazi nyingi inayofika mezani kwangu ni ya sauti: amplifaya za makanisa, redio za magari, spika za baa zinazokoroma. Mita huniambia volti zipo au hazipo, lakini haionyeshi sauti inaharibikia wapi. Ndiyo maana nilinunua DSO138, osiloskopu (kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini) inayouzwa ikiwa vipande, ukaiunda mwenyewe. Fundi mwenye kazi kama yangu asisite kuinunua.

Muundo wake ni wa JYE Tech ya China. Yangu ilikuja kwa basi kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na pamoja na usafiri haikufika laki moja na nusu ya Uganda. Chukua ile ambayo vipande vidogo vya kubandika vimeshalehemiwa kiwandani. Muulize pia muuzaji kama ni ya JYE Tech kweli, maana nakala za kuiga ni nyingi sokoni.

Kuiunda kunataka subira tu. Rizista zake ni ndogo na rangi zake zinafanana sana, kwa hiyo pima kila moja kwa mita kabla ya kuilehemu. Kabla ya kuweka skrini, washa na uhakikishe kuna volti 3.3 pale maelekezo yanapoonyesha. Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka: bodi yenyewe inatoa wimbi la mraba la 1 kHz, unalirudisha kwenye mlango wa kupimia, halafu unazungusha kapasita mbili ndogo za kurekebisha, C4 na C6, mpaka pembe za wimbi zikae sawasawa, zisichongoke wala zisilale. Ukiiacha hatua hiyo, wimbi utakaloliona baadaye linaweza kuwa na umbo lisilo lake.

Uzuri wake niliuona kwenye amplifaya moja ya kanisa iliyokuwa ikinguruma hata bila maikrofoni. Nilisogeza swichi kwenye AC, ili volti kubwa ya moja kwa moja izuiwe na ule msukosuko mdogo ulio juu yake ubaki peke yake, kisha nikapima kwenye kapasita kubwa za pawa. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Ukipita kwenye dayodi nne zilizo nzima, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, vilele hutokea kila milisekunde 10. Hapa vilikuja kila milisekunde 20. Maana yake nusu ya wimbi haipiti, yaani dayodi moja imekatika. Kama vilele vingekuwa vya milisekunde 10 lakini virefu, ningezishuku kapasita kwamba zimekauka. Zamani ningebadilisha kapasita kwanza, na mteja angelipia vitu vizima.

Sauti inayokwaruza nayo unaiona. Ingiza toni ya 1 kHz kutoka kwenye simu, ongeza sauti polepole, na utaona kichwa cha wimbi kinakatwa bapa pale volti za pawa zinapoishia. Kikikatwa upande mmoja tu mapema, tafuta kasoro upande huo.

Mipaka yake lazima uijue. Inachukua sampuli, yaani nukta za kipimo, milioni moja kwa sekunde na uwezo wake unaishia 200 kHz. Wimbi la sauti la 20 kHz linapata nukta 50, linachoreka vizuri. Lakini amplifaya ya aisii (chipu) ya TDA2030 inayopata moto huku iko kimya inaweza kuwa inatetema juu ya uwezo huo, na skrini itakuonyesha mstari mnene au wimbi la uongo. Kwa pawa za kisasa za televisheni na chaja siipendekezi kabisa, na usiiguse kwenye umeme wa ukutani: mlango wake mwisho ni volti 50.

Inataka volti 9 na haili umeme mwingi. Kwa kuwa umeme hukatika, yangu naiwasha kwa betri ya sola ya volti 12 kupitia 7809, kipande kinachoishusha hadi volti 9. Hapo kuna hatari moja. Redio nyingi za magari, na bodi zenye aisii ya TDA7297, huendesha spika kwa waya zote mbili, hakuna uliofungwa kwenye hasi ya betri. Skopu na bodi zikitumia betri moja, ukabana klipu nyeusi kwenye waya wa spika, unaweza kuunguza aisii. Kwa kazi hiyo ipe skopu betri yake peke yake, au bana klipu nyeusi kwenye hasi na upime kila waya wa spika kwa zamu.

Kasha halimo kwenye pakiti. Mimi nimeikatia la plastiki ngumu, nikaacha nafasi ya swichi tatu za pembeni na tundu la waya wa kupimia.