Jaketi la baridi kwa mtu anayetoka jasho: lipi ununue, lipi uache

Dukani jaketi la baridi linauzwa kwa joto lake. Unalivaa, unasikia joto papo hapo, unalipa. Kama kazi yake ni kusimama nalo kituo cha basi Minneapolis, Marekani, mwezi wa Januari, umenunua vizuri. Kama unakwenda kuteleza na skii za masafa, kukimbia kwenye theluji au kupanda mlima skii zikiwa miguuni, jaketi hilo hilo litakulowesha ndani ya robo saa.

Mwili uliotulia hutoa joto la wati 100 hivi. Ukipanda kilima kwa kasi, joto hilo huongezeka mara tano au zaidi, na lisipopata pa kutokea mwili unamwaga jasho. Jasho linalowesha fulana, wewe unasimama kunywa chai, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo fulana iliyolowa inakunyonya joto kwa kasi. Wengi wanaopigwa na baridi huko porini wanapigwa wakati wa mapumziko. Wakimbiaji wa skii za masafa hushindana hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, kiwango ambacho shirikisho la skii duniani, FIS, husimamisha mashindano, na huvaa suti nyembamba ya likra, kitambaa cha kunyumbuka kinachobana mwili. Jaketi wanalivaa kabla na baada.

Huna haja ya kuvaa likra. Ila chagua jaketi la mwendo kwa jinsi linavyotoa jasho kwanza, joto lifuate.

Kwa nini jaketi la kuvimba halipumui

Jaketi la kujazwa lina tabaka tatu: kitambaa cha nje, kijazo na bitana. Kwenye majaketi ya kawaida ya kuvimba, yale yenye mishono ya mistari, kijazo ni manyoya laini ya bata au nyuzi za poliesta zilizolala ovyo kama pamba ya mto. Vyote viwili hutoroka. Ili visichomoze nje, kiwanda hutumia nailoni iliyosukwa kwa kubana sana pande zote mbili, na nailoni inayozuia unyoya usitoke huzuia pia mvuke wa jasho.

Mambo yalibadilika viwanda vilipoanza kufuma kijazo chenyewe, nyuzi zikashikana zisihame. Kijazo kiitwacho Polartec Alpha, kilichobuniwa kwa ajili ya vikosi maalumu vya jeshi la Marekani, ndicho kilichofungua njia. Mwaka 2014 kampuni ya Patagonia ikatoa jaketi la Nano-Air, na baadaye yakaja Proton la Arc'teryx na Ventrix la The North Face, ambalo kijazo chake kina vipasuo vinavyofunguka unapojinyoosha. Kijazo kikishajishika chenyewe, nailoni ya nje na bitana vinaweza kusukwa kwa kulegea, na hewa inapita.

Namba ya kutafuta kwenye maelezo ya bidhaa ni CFM, yaani futi za ujazo za hewa zinazopita kwenye futi moja ya mraba ya kitambaa kwa dakika. Chini ya 5 ni jaketi la kupumzikia. Kati ya 10 na 20 linafaa penye upepo na kwa mwendo wa wastani. Kuanzia 30 hadi 60 ni la kazi ya kutweta. Zaidi ya hapo umeshika kitu cha kuvaa chini ya kingine. Ukikuta namba kubwa kama gramu 20,000 kwa mita ya mraba kwa saa 24, hicho ni kipimo cha mvuke kwenye vitambaa visivyopitisha maji. Usikilinganishe na CFM.

Namba ya pili ni uzito wa kijazo kwa mita ya mraba. Gramu 40 zinatosha kukimbia na kuteleza kwa kasi baridi ikiwa ya wastani. Gramu 60 ndizo zinazowafaa watu wengi, hadi nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri ukiwa kwenye mwendo na fulana nzuri ya ndani. Gramu 80 hadi 100 ni za anayekwenda taratibu au anayeishi kwenye baridi kweli kweli, tuseme Alberta, Kanada, au kaskazini mwa Norway. Mtu akisita kati ya 60 na 80, achukue 60. Hatujaona anayelalamika kwamba jaketi lake la mwendo ni jepesi mno kama ameweka lingine kwenye begi.

1. Jaketi lenye kijazo kilichofumwa, nje na ndani pakipitisha hewa

Hapa wamo Nano-Air, Proton na majaketi ya Alpha yenye kitambaa juu na bitana ya wavu. Ndilo la kwanza kwenye orodha hii kwa sababu ukilivaa asubuhi unaweza usilivue mpaka jioni: unapanda nalo, unasimama nalo dakika mbili, unashuka nalo. Anayepanda na skii au kutembea na viatu vya theluji atafurahi nalo kuliko mtu mwingine yeyote, maana michezo hiyo ni ya kwenda na kusimama.

Ubaya wake ni huu. Upepo mkali unapenya, kwa hiyo kwenye kigongo cha mlima utahitaji jaketi la upepo juu yake. Kitambaa kilicholegea hunasa kwenye matawi na makali ya skii, na kwenye mabega, pale mikanda ya begi inaposugua, huota vipira vidogo vya nyuzi ndani ya msimu mmoja au miwili. Ukisimama muda mrefu joto linatoka upesi kama lilivyokuwa likitoka ukikimbia. Na bei: jipya huwa kati ya dola 250 na 350 za Marekani. Modeli ya mwaka uliopita hushuka sana kuanzia Machi, maduka yanapofuta mzigo wa baridi. Nunua wakati huo.

2. Flisi ya vyumba pamoja na jaketi jembamba la upepo

Hiki ni vitu viwili, na kwa mtu anayeanza ndicho tungemwambia anunue kabla ya kutazama namba moja. Flisi ni kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya mafupi, na flisi ya vyumba ni ile ambayo ukiigeuza ndani unaona miraba midogo iliyoinuka na mifereji katikati. Mifereji hiyo hupitisha mvuke, miraba hushika hewa ya joto. Juu yake vaa jaketi la upepo la nailoni lenye uzito wa gramu 100 hadi 150, linalokunjika likaingia mfukoni mwake lenyewe.

Uzuri wake ni kwamba unatawala joto kwa hatua. Kwenye mpando unabaki na flisi. Upepo ukianza, jaketi la upepo juu. Hivyo viwili hupatikana hata kwa chini ya dola 100 kwenye maduka ya kawaida ya michezo kama Decathlon, na flisi nzuri huishi miaka mingi. Kinachoudhi ni kuvaa na kuvua kila mara, na flisi bila kitu juu hushika theluji, ambayo huyeyuka na kukulowesha.

Kosa la kawaida ni kuchukua jaketi la mvua badala ya la upepo. La mvua lina utando wa kuzuia maji, na hata ukiwa mzuri namna gani utatoa mvuke polepole kuliko nailoni tupu. Liache la mvua kwa ajili ya mvua.

3. Mchanganyiko: kijazo kifuani, flisi mgongoni na kwapani

Kwa skii za masafa, baiskeli na kukimbia, hili linapanda hadi nafasi ya kwanza. Upepo unakupiga kifuani, jasho linatoka mgongoni na kwapani, na jaketi limekatwa kufuata hilo. Atom la Arc'teryx, lenye kijazo mwilini na flisi ubavuni, ni la ukoo huu ingawa limeelemea zaidi kwenye joto. Angalia mahali mishono ya kuunganisha vitambaa viwili inapopita: ikiwa juu ya bega chini ya mkanda wa begi, itakuchubua.

4. Alpha au Octa tupu, bila kitambaa cha nje

Octa ni kijazo cha kufumwa cha aina ya Alpha. Nguo hizi ni nyepesi kuliko zote hapa, nyingine hazifiki gramu 150. Manyoya yake unayaona kwa macho, na ukiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Hupumua kupita kila kitu, na bila jaketi la upepo juu hazina maana, kwa sababu hewa inapita kana kwamba hukuvaa. Hudondosha nyuzi na kunasa kwa urahisi. Hii ni ya mtu ambaye tayari ana mavazi mengine na anahesabu gramu.

5. Jaketi la kuvimba la kawaida

Hili si la mwendo, lakini lazima liwe kwenye begi. Nano Puff la Patagonia lenye kijazo cha nyuzi cha PrimaLoft ni mfano unaofahamika. Kijazo cha nyuzi kinafaa kuliko manyoya kwa kazi hii, kwa sababu utalivaa juu ya nguo zenye unyevu, na manyoya yakilowa hunywea. Nunua saizi inayopita juu ya jaketi la mwendo bila kulibana. Ukisimama, lichomoe mara moja kabla hujasikia baridi, livae juu ya vyote. Joto la mwili litasukuma unyevu wa chini utoke.

6. Jaketi la skii lenye utando na kijazo vimeshonwa pamoja

Ni zuri kwa anayepandishwa mlimani na lifti. Kwa anayepanda kwa miguu yake, acha. Joto na kinga ya maji haviachani, kwa hiyo siku ya joto linakupika, na zipu za kwapani haziokoi kitu kikubwa.

Kujaribu dukani

Weka mdomo kwenye kitambaa cha nje, kiganja upande wa bitana, kisha puliza kwa nguvu. Kwenye jaketi la mwendo utasikia pumzi kiganjani. Usiposikia kitu, ni la namba tano kwenye orodha hii hata kama lebo imeandikwa linapumua. Jaribu kifuani na mgongoni, maana huwa havifanani.

Livae juu ya fulana ile ile utakayotumia, fulana ya sufu au ya poliesta. Pamba haifai kwa mchezo huu. Inua mikono yote juu: pindo la chini lisipande likaacha tumbo, mikono isirudi nyuma ya kifundo. Funga zipu mpaka kidevuni ugeuze kichwa. Funga mkanda wa begi kiunoni uone kama mifuko bado inafikika, maana mifuko ya chini hufunikwa na mkanda na hubaki ya mapambo. Kofia ya jaketi iwe nyembamba kiasi cha kuingia chini ya helmeti.

Kilimanjaro ni kesi nyingine

Wengi wanaouliza majaketi haya upande wetu wanakwenda Kilimanjaro. Njia ya Machame, usiku wa kilele unaanza karibu saa sita kutoka kambi ya Barafu, mita 4,673, na kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kunapokucha. Mwendo ni pole pole kweli, hewa ni chache, na mwili unatoa joto dogo kuliko la mtu wa skii. Jaketi la gramu 60 linalopitisha hewa halitakutosha peke yake: lifanye tabaka la kati, weka jaketi zito la kuvimba juu, ukimaliza na la upepo. Siku za chini, kuanzia lango mpaka kambi za katikati, flisi inatosha na mara nyingi utaivua. Mpagazi aliyebeba kilo 20 anatoka jasho kuliko mteja wake. Anayefaidika zaidi na namba mbili, flisi na jaketi la upepo, ni yeye.

Kwenye mitumba, iwe Memorial pale Moshi au Gikomba Nairobi, majaketi haya hupita bila muuzaji kuyatambua kwa sababu hayajavimba. Tafuta lebo ndogo ya ndani yenye jina la kijazo, Polartec Alpha au PrimaLoft Active, kisha fanya jaribio la pumzi. Minya kifua na mabega kwa vidole: pakiwa bapa na pamekufa kuliko mikono, kijazo kimechoka. La utando likunje na ulikague ndani. Utando uliobanduka huacha vipande vyeupe kama ngozi inayochunika, na haurekebishiki. Zipu yenye meno mazima lakini inayofunguka nyuma ya kishikio huhitaji kishikio kipya tu, fundi anakibadilisha kwa dakika chache.

Kufua: maji yasiyozidi nyuzi 30, sabuni kidogo ya maji, zipu imefungwa, na usitie dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo hupaka nyuzi mafuta, jaketi likaanza kunywa maji badala ya kuyatema. Majimbo ya California na New York huko Marekani yamepiga marufuku PFAS, kemikali za kuzuia maji, kwenye nguo nyingi mpya tangu Januari 2025, na dawa za kuzuia maji zilizochukua nafasi yake huisha haraka zaidi. Dondosha maji begani: yakitawanyika na kuzama, fua jaketi, likaushe kwenye mashine kwa moto mdogo dakika 20 ujaribu tena. Yakizama bado, hapo ndipo ununue dawa ya kupulizia. Usianze na dawa juu ya uchafu, haishiki.