Alluaudia procera: uzoefu wangu na mmea mrefu wa miiba

Kama una kona ya bustani inayopigwa na jua kutwa nzima, au ukuta mweupe ambao mti wa matawi mapana hautoshi mbele yake, mmea huu ninaupa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu niliyoipunguza ni ya miiba, na nitaifikia.

Wauzaji wengi huuita ocotillo wa Madagaska. Mnunuzi asichanganyikiwe: ocotillo mwenyewe, Fouquieria splendens, ni wa majangwa ya Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani, na hana ukoo na huu. Alluaudia si kaktasi pia. Asili yake ni misitu ya miiba ya kusini mwa Madagaska, ambako huota hadi mita 15 hivi, wenyeji hupasua mbao zake za kujengea nyumba, na lemuri aina ya sifaka, wanyama wanaofanana na kima, hurukaruka kutoka shina hadi shina bila kuchomwa. Mpaka leo hilo linanishangaza kila ninapouvalia glavu. Kwenye chungu utegemee mita mbili au tatu, tena polepole.

Ninachoupendea zaidi ni majani. Ni madogo, ya mviringo, kijani kibichi, na yamejipanga mstari kwa mstari kutoka chini mpaka kileleni, kila moja likilindwa na mwiba wake wa kijivu. Chipukizi jipya huwa na jani moja kwenye kila mwiba. Msimu unaofuata, pale pale, hutoka majani mawili. Nayo hayalali bapa kama majani ya miti mingine, husimama wima, hivyo jua la saa sita mchana linayapitia ukingoni tu. Asubuhi na jioni, jua likiwa chini, shina zima hung'aa kijani. Picha za matangazo haziwezi kukuonyesha hilo.

Majani hayo hayo ndiyo kipimo cha maji, na hapa ndipo watu wengi wanapoukosea mmea huu haki yake. Ukame au baridi ikiingia, majani hugeuka manjano na kupukutika yote. Unabaki na fimbo ya kijivu yenye miiba. Nimesoma malalamiko mengi ya watu wanaosema umekufa, na wengine huukimbilia kwa ndoo ya maji, na maji hayo ndiyo yanayouua, kwa sababu mizizi iliyolala huoza kwenye udongo wenye unyevu. Mimi majani yakianza kugeuka rangi napunguza maji, yakiisha kudondoka naacha kabisa, au naulowesha kidogo sana mara moja moja kama shina limeanza kukunjamana. Kisha nasubiri. Vitone vya kijani vikivimba chini ya miiba, naanza tena, kidogo kwanza, halafu namwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, na narudia udongo ukishakauka. Ukiwa na wasiwasi, kwaruza ngozi ya shina kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, uko hai.

Udongo wangu nusu yake au zaidi ni changarawe na mchanga wa chembe kubwa, na mboji kidogo tu. Chungu kiwe cha udongo, kizito, chenye matundu. Cha plastiki huangushwa na upepo mara mmea unapopita urefu wa mtu. Mbolea isizidi, hasa yenye naitrojeni nyingi, maana shina hurefuka kwa pupa na kulegea. Kama sehemu yako hupata baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, usiuache nje usiku. Wadudu ni wachache: vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe kama pamba, hujificha kwenye maungio ya miiba, nao ninawatoa kwa brashi yenye spiriti.

Sasa miiba. Ni mirefu, migumu kama sindano ya kushonea viatu, na iko kila upande, mpaka usawa wa macho ya mtoto. Usiupande kando ya njia, wala karibu na kamba ya nguo. Kuhamisha chungu ni kazi ya watu wawili, glavu za ngozi nene, na kipande cha zulia kuukuu cha kuzungushia shina. Kwa nyumba yenye watoto wadogo ningesema subirini.

Ukitaka uwe na matawi, kata kilele msimu wa joto. Machipukizi hutokea chini ya mkato, na kile kilele ukikiacha kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke na kufanya kigaga, ukakipanda kwenye mchanganyiko mkavu, kinatoa mizizi na una mmea wa pili. Maua usiyanunulie: hutoka kileleni kwa mimea iliyokomaa, na dume na jike ni miti tofauti.

Unaponunua, tazama umbo la jani. Alluaudia ascendens huuzwa kwa jina hili hili, lakini jani lake lina umbo la moyo, limebonyea nchani. Na muulize muuzaji mmea umetoka wapi. Ukoo huu wote umo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kuuvusha mpaka kunahitaji kibali, na misitu yake ya asili inazidi kukatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba. Wa kwangu ulitokana na pandikizi la kitalu, una shina safi lisilo na makovu, na ningechagua huo hata kama pembeni yake ungesimama mwingine mara mbili ya urefu uliong'olewa msituni.