Ziara ya mguu mjini Mombasa: nyota nne, moja nimekata kwa ajili ya maji

Jumapili nilimchukua binamu yangu aliekuja toka Nairobi tukaenda ile ziara ya kutembea mjini, jina la kampuni sitaji, elfu moja mia tano kwa kichwa. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, mtembezaji katokea saa tatu kasorobo ati tuktuk imemfia njiani, na chupa ya maji tulioahidiwa mpaka leo sijaiona.

Fort Jesus ni zile zile za shule, Mreno 1593, kisha Muomani, haya tukapita. Pesa yangu ilirudi pale kwenye sanamu ya askari.

Wallahi napita pale tangu mdogo na sijawahi kusoma yale maandishi. Maneno alitunga Rudyard Kipling, yule mshairi wa Kiingereza, yanawakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, wamekufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao vita vya 1914 mpaka 1918, na mwisho unaambiwa ukipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Mtembezaji akatuuliza, nchi gani? Kimya. Maana koloni lenyewe la Kenya limekuja 1920, na sisi wa mwambao mpaka 1963 kwa makaratasi tulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, sasa mtu kakamatwa kijijini kwao kabebeshwa mzigo wa Mzungu mpaka Tanganyika (Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimetokana na hao hao wapagazi, Carrier Corps) halafu anaambiwa kafa kwa nchi yake, ipi?

Binamu yangu akaizunguka sanamu mara mbili anatafuta majina. Hamna hata moja. Ati watalikumbuka jina lako! 2021 ndio tume ya Commonwealth ya makaburi ya vita ikaomba msamaha kwa hili la kuwaacha Waafrika bila majina, miaka mia ishapita.

Kilichoniudhi ni kuwa akaishia hapo. Vita vya pili hakuvigusa kabisa, na mimi naona utamu uko huko, manake mwaka 1939 Wazungu walianzisha gazeti la Baraza kwa Kiswahili kuwapa watu habari za vita, vijana wakaambiwa tena habari za nchi yako na uhuru, na safari hii wakalishika neno kikweli. Waruhiu Itote kapigana Burma, karudi, kaingia msituni na Mau Mau kuwapiga hao hao Waingereza, akawa General China. Propaganda ya Mzungu imemtokea puani, nchi alioitaja bila kuiamini watu wakaja kuidai. Na mbona hakusema Khedive Ismail, meli iliotoka Kilindini hapa hapa Februari 1944 ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani, watu zaidi ya 1,200 wamekwenda, wengi vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki? Nilipomuuliza akacheka akasema wageni wanapenda zaidi milango ya Old Town.

Mwisho ni mahamri na kahawa chungu, hiyo imo kwenye bei na mahamri yalikuwa ya moto mashallah. Mukibuki semeni mapema munataka Kiswahili, sisi alituanza na Kizungu cha watalii mpaka binamu akamkatiza. Na maji bebeni yenu.