Amplifaya Nzuri, Fundi Mjeuri na Neno Aliloambiwa Mama Yangu

Nilinunua amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti ya redio ya gari, kwa ajili ya mama yangu, na hilo nalitanguliza ili ieleweke kwa nini hasira bado haijanitoka. Mama amekula chumvi nyingi. Kila ninapompeleka kliniki kutoka Kasarani huketi kiti cha mbele, na burudani yake kubwa njiani ni taarifa ya habari. Gari letu ni Toyota Fielder lililokuja kutoka Japani likiwa limetumika. Mjini redio yake ilitosha, lakini tulipoingia Barabara ya Thika na magurudumu yakaanza kunguruma, mama alikuwa akiinama na kulisogeza sikio karibu na mlango. Nikipandisha sauti, spika zilikwaruza na maneno yakachanganyika. Nilichokitaka ni sauti kubwa inayoeleweka, si kishindo cha matatu.

Duka lenyewe liko pembeni mwa Barabara ya Kirinyaga, na jina lake silitaji. Muuzaji wa kaunta alikuwa mtu wa heshima. Alinieleza kwamba kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini si ya kushangaza, kwa hiyo namba kubwa zilizochapishwa kwenye boksi zisimtie mtu tamaa. Cha kuangalia, alisema, ni wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo, wala si zile za kupasuka mara moja na kuisha. Nilimwamini, na mpaka leo naona alinishauri vyema.

Fundi wao alichukua kama saa mbili. Nyaya alizipitisha vizuri, fyuzi akaiweka karibu na betri inavyotakiwa, na waya wa umeme akautenga na zile nyaya za sauti ili mvumo wa injini usiingie kwenye spika. Kisha akatwaa bisibisi, akaizungusha skrubu ya geini, ile ya kurekebisha amplifaya, hadi ikagota, akabonyeza na kitufe cha kuongeza besi, akafungua redio. Uwanja mzima ukatikisika. Nilidhani huo ndio ushindi, nikalipa.

Tulipofika karibu na Roysambu, mama aliniuliza, "Hawa watangazaji mbona wanazungumza na chakula mdomoni?" Alikuwa amesema kweli. Sauti ilikuwa kubwa, lakini s, f na t zilikuwa zimemezwa, na kwa mtu mwenye umri wake, ambaye sauti nyembamba ndizo zilizoanza kumtoroka, bila herufi hizo habari yote inakuwa mvumo tu.

Siku chache baadaye tulirudi, mama akiwa ameketi palepale mbele na kioo kikiwa wazi. Nilimweleza fundi yule taratibu kwamba sauti inakwaruza na maneno hayasikiki. Hakuifungua hata buti. Aliegemea mlango upande wa mama, akaifungulia redio mpaka mama akaziba masikio kwa viganja, kisha akanigeukia na kusema, "Mzee, ulitaka sauti kubwa, tumekupa. Kama shosho hasikii, shida ni masikio yake, si spika." Alilisema mbele yake, kwa sauti ambayo hata mama aliisikia barabara. Vijana wawili waliokuwa wakibadilisha taa ya gari la jirani walicheka. Mama alipandisha kioo polepole, akatazama mbele, na hakusema neno hadi tulipofika nyumbani.

Fundi wa pili nilimpata mtaani kwetu, na kwanza alimwendea mama. "Shikamoo, mama. Hebu niambie wewe unasikia nini." Baada ya kumsikiliza, alifungua ubao wa ndani wa milango yote miwili ya mbele, akachomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, akatafuta betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 na kuzigusisha ncha zake kwa nyaya hizo kwa nukta moja tu. Koni ya kushoto, ile sehemu ya spika inayotikisika, ilisukumwa nje, ikatoa mlio mdogo kama wa ukucha ukigonga kopo. Ya kulia iliingia ndani. Yule wa kwanza alikuwa amezipindua nyaya za upande mmoja, chanya mahali pa hasi, kwa hiyo spika moja ilisukuma hewa huku nyingine ikiivuta, besi ikapotea, na sauti ya mtangazaji ikatawanyika badala ya kukaa katikati ya dashibodi.

Skrubu ya geini nayo haikuwekwa kwa ajili ya kuongeza sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye redio. Ikifunguliwa yote, amplifaya hufika kikomo mapema, na kila wimbi linalojaribu kuvuka kikomo hicho hukatwa kichwa. Huko ndiko kukwaruza. Fundi aliishusha hadi chini, akapandisha redio kufikia robo tatu, akaifungua geini kidogo kidogo akisikiliza, na ilipoanza kukwaruza akairudisha nyuma kidogo. Akazima kile kitufe cha besi, akaweka kichujio cha kuzuia sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 ili koni za mlangoni zisihangaike na besi nzito zisizoziweza, kisha akayaziba matundu makubwa ya mlango kwa karatasi za lami zenye foili. Matundu hayo yakiachwa wazi, hewa ya nyuma ya koni hupenya na kuifuta ile ya mbele.

Sasa, tukiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mama ameegemea kiti chake na anabishana na wanasiasa kwa majina.

Kwa hiyo amplifaya yenyewe naisifu bila kusita, na kwa muda nilifikiri kwamba duka lile nalo si baya, kwamba mtu anaweza kununua pale na kwenda kufungiwa kwingine. Nyaya zilipitishwa vizuri na muuzaji hakunidanganya. Nilikusudia kuwapa nyota tatu, na nilikuwa nimekwisha kuziandika. Lakini juzi nilimwambia mama, ambaye hajawahi kukataa safari ya gari, kwamba tukitoka kliniki tutapitia pale nichukue karatasi ya dhamana waliyosahau kunipa. Aliniuliza ni lile duka la yule kijana? Nikasema ndilo. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akasema kliniki tutakwenda siku nyingine.

Nyota moja, nayo ni ya muuzaji wa kaunta.