TAHADHARI: Wajaza FAFSA wa mtaani wanakula pesa za wanafunzi wa vyuo vya jamii (community college) Marekani

Ujumbe huu unawahusu zaidi familia zilizofika Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Dzaleka na Nakivale, pamoja na walioingia kwa green card ya bahati nasibu. Kila muhula unapokaribia, kuna watu wanaopita kwenye magrupu ya WhatsApp, nje ya kanisa, nje ya msikiti na getini kwa viwanda vya nyama, wakisema wanajaza FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu kwa ajili ya masomo. Wanaongea Kiswahili safi, wanajua kambi uliyotoka, na wengi wanaitwa "mwalimu" au "pastor". Usiwape kitu. Ada wanayotoza ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Ujumbe wao huwa wa namna hii:

"Habari ndugu. Serikali imefungua pesa za shule. Huna haja ya kuingia darasani, yote ni online. Nitumie picha ya Social Security, green card au I-94, tarehe ya kuzaliwa, na ile code itakayoingia kwenye simu yako. Dola 150 Cash App, pesa zikitoka unaniongeza 500. Nafasi chache, mwisho Ijumaa."

Tuanze na hiyo dola 150. FAFSA haina malipo hata senti. Inajazwa studentaid.gov, basi. Ukiona tovuti inayofanana nayo lakini inaishia na .com au .org na inataka namba ya kadi, ujue umepotea njia. Biashara hii si ngeni: mwaka 2015 idara ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, iliibana kampuni iliyoendesha FAFSA.com kwa kuwakata watu pesa kila mwaka bila idhini yao, na kampuni ikatakiwa kulipa dola milioni 5.2. Kumlipa mtu akusaidie kujaza si kosa kisheria. Lakini sheria inamtaka akuambie tangu mwanzo kwamba fomu ni ya bure na unaweza kuijaza mwenyewe, kisha aandike jina, anwani na namba zake kwenye fomu kama mtayarishaji. Mwambie dalali wako aandike namba yake ya Social hapo, uone kama hatakumbuka ana safari.

"Nafasi chache" nayo ni uongo. Ruzuku ya Pell, yaani pesa ya serikali kuu, si mkopo, kwa mwanafunzi wa kipato cha chini, haigombewi. Anayetimiza vigezo anapata, hata kama wenzake milioni wametangulia. Fomu ya 2026–27 inapokelewa na serikali kuu hadi 30 Juni 2027. Kinachobana ni tarehe za majimbo na za chuo chenyewe, ambazo huwa za mapema zaidi, na zimeandikwa kwenye ukurasa wa chuo wa misaada ya fedha.

Sasa kwa nini mtu ahangaike na fomu ya bure? Piga hesabu. Kwa mwaka wa masomo 2025–26, Pell ya juu kabisa ni dola 7,395, ikigawanywa mihula miwili ni kama dola 3,697 kila muhula kwa anayesoma muda wote, yaani yuniti 12 au zaidi (yuniti ni kipimo cha masomo unayochukua). Chukua chuo cha jamii California: mkazi analipa dola 46 kwa yuniti, kwa hiyo yuniti 12 ni dola 552. Chuo kinakata chake, kinachobaki ni mali ya mwanafunzi, ale, apange nyumba, anunue vitabu. Hapo ni zaidi ya dola 3,100 kwa muhula mmoja, ukiacha ada ndogondogo. Na wengi wenye kipato cha chini California husamehewa hata hizo 552. Chuo kinatakiwa kumpa mwanafunzi salio hilo ndani ya siku 14 tangu litokee kwenye akaunti yake. Pesa hiyo ndiyo dalali anayoiwinda. Chuo cha jamii kinampendeza kwa sababu ada yake ni ndogo, salio ni nono, na mlango uko wazi kwa kila mtu.

Kazi yenyewe anaifanya hivi. Anakufungulia akaunti ya studentaid.gov kwa jina lako na Social yako, lakini barua pepe ni yake na mara nyingi simu ni yake pia. Ile "code" anayokuomba ni ufunguo wa akaunti. Ukimsomea tarakimu hizo sita, umeshamkabidhi nyumba. Anakuandikisha kwenye chuo cha mbali, pengine jimbo ambalo hujawahi kulikanyaga, masomo yote ya mtandaoni, yuniti 12 ili Pell itoke yote. Kwenye akaunti ya chuo anaweka benki yake ipokee salio. Akiwa na tamaa zaidi anakubali na mkopo kwa jina lako, kwa sababu akaunti ile ile ndiyo inayotia saini hati ya ahadi ya kulipa. Mkopo wa mwaka wa kwanza unafika dola 5,500 kwa mwanafunzi anayehesabiwa chini ya wazazi, na 9,500 kwa anayejitegemea. Una riba. Ndugu zetu wanaokwepa riba kwa sababu ya dini wanajikuta nayo bila kujua.

Wewe unapewa dola 800, unafurahi. Wiki chache baadaye mambo yanageuka.

Darasa la mtandaoni lina mahudhurio, na kuingia tu kwenye mtandao wa chuo hakuhesabiki. Lazima kuwe na kazi iliyowasilishwa, mtihani uliofanywa, au mchango kwenye mjadala wa darasa. Asiyeonekana kabisa, pesa yake yote inarudishwa serikalini. Aliyeanza akaacha kabla ya asilimia 60 ya muhula, ambayo kwa muhula wa wiki 16 ni karibu na wiki ya kumi, sehemu inarudishwa. Chuo kinarejesha, kisha kinakudai wewe. Si dalali, jina ni lako. Deni likikaa, chuo kinakuzuia kujiandikisha tena, na ukiwa unadaiwa Pell uliyolipwa kupita kiasi hupati msaada wa serikali kuu kwenye chuo kingine chochote. Juu yake zinabaki alama za F, za kufeli, kwenye rekodi. Vyuo vingi vinataka wastani wa alama wa 2.0 na umalize kama theluthi mbili ya masomo unayochukua, la sivyo msaada unasimama. Na Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya muda wote. Mwanao mwenye miaka 19 anaweza kufika chuoni siku anayotaka kusoma kweli, akakuta jina lake limeshachafuka.

Uongo anaokuandikia kwenye fomu ni kesi nyingine. Upo wa aina mbili, na zote mbili zinawagusa sana watu wetu.

Wa kwanza ni wa wazazi. Aliyezaliwa kabla ya 1 Januari 2003 anahesabiwa anajitegemea kwa fomu ya 2026–27. Kadhalika aliyeoa au kuolewa, mwenye mtoto anayemtunza, na yatima. Wengi wa waliobaki wanatakiwa kuweka taarifa za wazazi. Dalali anamwambia kijana: "Andika wazazi wamekufa." Kumbe mama yupo Nyarugusu, na kila wiki wanapigiana simu. Kudanganya kwenye FAFSA kunaweza kuleta faini ya hadi dola 20,000, kifungo, au vyote viwili, na kwa asiye raia doa la namna hiyo halina mwisho mzuri. Kinachoudhi ni kwamba uongo huo hauhitajiki. Sheria inakitambua kisa cha mkimbizi aliyetenganishwa na wazazi, au ambaye wazazi wake wamekwama nchi nyingine kwa kuhamishwa. Kwenye fomu kuna swali la hali isiyo ya kawaida, ujibu ndiyo, kisha upeleke ushahidi ofisi ya misaada ya fedha ya chuo: makaratasi ya kesi yako, barua ya shirika lililokupokea. Ofisi ndiyo inayoamua.

Na tuseme hili wazi kwa sababu linakosewa kila siku: mjomba, shangazi, kaka mkubwa au bibi anayekulea si mzazi kwenye FAFSA, hata kama ndiye aliyeandikwa kwenye kesi yenu, isipokuwa amekuasili kisheria. Usiweke mshahara wake. Ukiuweka, kipato kinapanda na Pell inashuka.

Uongo wa pili ni wa cheti. Ili upate Pell, kwa kawaida unahitaji cheti cha sekondari, cha Marekani au cha nchi uliyosoma, au GED, mtihani unaochukua nafasi ya cheti hicho. Asiye navyo anauziwa "diploma ya high school" ya mtandaoni, anajibu maswali hamsini, cheti kinatoka jioni ile ile. Vyuo vinavifahamu viwanda hivyo vya vyeti na vinavikataa. Madarasa ya GED yanatolewa na vyuo vya jamii vyenyewe, mengi bure au kwa ada ndogo.

Kwa wanaosoma haya wakiwa Nairobi, Mwanza au Bujumbura: mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hapati Pell wala mkopo wa serikali kuu. Wakala anayekuuzia "chuo cha jamii Marekani na FAFSA yake" anakupiga changa la macho. FAFSA ni ya raia, wenye green card, na makundi machache kama waliopokelewa kwa ukimbizi. Mwanafunzi wa F-1 anatakiwa aonyeshe pesa zake za masomo kabla chuo hakijampa I-20, karatasi ya kuombea viza, na analipa mwenyewe ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350 kwenye fmjfee.com. (Naam, hii ni .com na ni ya serikali. Ndiyo maana kuangalia mwisho wa anwani peke yake hakutoshi; ingia kupitia kiungo kilichopo kwenye ukurasa wa serikali.)

Kujaza mwenyewe si mlima. Mwanafunzi anafungua akaunti yake kwa barua pepe yake na simu yake. Mzazi anayehitajika anafungua ya kwake, hata kama hana Social. Jina liwe kama lilivyo kwenye kadi ya Social, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa iwe ile iliyo kwenye rekodi za ofisi ya Social. Hapa ndipo wakimbizi wengi hukwama: rekodi zinasema 1 Januari kwa sababu ndivyo ulivyoandikishwa kambini, wewe unaandika tarehe ya kweli uliyoambiwa na mama, au unatanguliza jina la ukoo, mfumo unakataa. Fuata kadi na rekodi hizo mpaka utakapozirekebisha rasmi. Kisha weka namba ya A, namba yako ya uhamiaji, iliyopo kwenye green card yako. Fomu ya 2026–27 inatumia kodi ya 2024, na taarifa zinakuja zenyewe kutoka IRS, idara ya kodi. Kila anayehusika lazima abonyeze kukubali zichukuliwe, maana asipokubali mwanafunzi hapati msaada wa serikali kuu hata kama kipato ni sifuri. Tafuta chuo, chagua, kila mhusika atie saini kwa akaunti yake. Ni kazi ya chini ya saa moja, makaratasi yakiwa mezani.

Baada ya hapo fungua barua pepe kila siku mbili. Chuo kinaweza kukuita kuthibitisha utambulisho. Juni 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikaza uchunguzi wa vitambulisho kwa waombaji wapya kwa sababu ya wanafunzi hewa walioandikishwa na matapeli. Ukiitwa, nenda na kitambulisho. Asiyejibu faili lake linalala, na dalali aliyeweka barua pepe yake hawezi kukuambia kwamba umeitwa.

Ukihitaji mtu wa kukaa nawe, ofisi ya misaada ya fedha ya chuo haitozi kitu. Vituo vya TRIO vinavyoitwa Educational Opportunity Centers vinalipwa na serikali kwa kazi hiyo hiyo. Simu ya FAFSA ni 1-800-433-3243.

Kama umeshatoa taarifa zako, fanya leo, kwa mpangilio huu. Piga hiyo namba, uirudishe akaunti kwenye simu na barua pepe yako, ubadilishe nywila. Nenda au upige chuo alichokuandikisha: omba benki ya salio ifutwe, masomo yafutwe kabla ya siku ya mwisho ya kuacha, na mkopo wowote ukataliwe. Mkopo uliokwisha kutoka unaweza kurudishwa ndani ya siku 120 bila riba wala ada, kwa hiyo kila wiki inayopita ina gharama. Funga rekodi yako ya mikopo kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazoitunza; kote ni bure. Andika ripoti IdentityTheft.gov na uitunze nakala, chuo kitaiomba. Halafu piga ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Elimu, 1-800-647-8733, ukiwa na namba ya simu ya dalali, jina analotumia Cash App, na picha za ujumbe wake. Usifute hata ule wa sauti.